Kijerumani cha Nini?

Juzi nilikuwa Kisumu. Baada ya sala ya Alasiri tulikaa barazani, na mzee mmoja akalalama: mwanawe apata nafasi Chuo Kikuu cha Kenyatta, ataka kusoma Kijerumani. "Kijerumani cha nini, Maalim? Atamsemesha nani huku ziwani?"

Nilimjibu kwa swali. Ni nani aliyetuandikia maisha ya jumba la Sayyid Said wa Unguja? Ni bintiye, Bibi Salme; na aliandika kwa Kijerumani, kitabu kikatoka 1886. Sisi wa pwani twamsoma kwa hisani ya wafasiri. Mwaka 1887 Berlin ilifunguliwa shule ya lugha za Mashariki. Maofisa waliokuja kuitawala Tanganyika walisomeshwa Kiswahili humo. Mwalimu wao, Büttner, alikusanya maandishi yetu, yakachapwa 1894 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Goethe naye, mshairi wao mkuu, alitoa diwani nzima mwaka 1819 kwa kuvutiwa na Hafidh wa Shirazi.

Wenzetu walijifunza lugha yetu, wakatusoma. Sisi hata yaliyo yetu twangoja kusomewa.

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza karo ni kiasi gani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.