Mji Ukikua, Njia na Maji Hulipwa na Nani?

Masika yakiingia, watoto wa chuo chetu hapa Kwamndolwa hufika wamechukua viatu mkononi, nasi hatuwalaumu. Wapitapo si njia. Ni mwanya uliosalia baina ya nyumba na nyumba, na maji ya mvua nayo hayana pengine pa kupita ila hapo hapo. Mwaka mmoja alifariki jirani yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na jeneza lake halikuweza kukata kona. Ikabidi liinuliwe juu ya ukuta wa jiko la watu ndipo litoke barabarani. Tangu siku ile jambo hili halitutoki moyoni: mji ukikua, ni nani alipe gharama za njia, mifereji na maji, na alipe wakati gani?

Yatupasa tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipogawana urithi wa marehemu baba, sisi na ndugu zetu tulilikata shamba vipande vipande, na kila kipande tukakiuza kwa hati iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Kipimo kilikuwa hatua za miguu. Njia tuliiacha ya upana wa baiskeli, kwani kila hatua ya njia ni hatua isiyouzwa. Bei tukaipokea na kuila, na gharama tukamwachia atakayekuja kujenga. Yule aliyejenga naye akamwachia wa nyuma yake. Hata leo ukitaka kuitanua njia ile ni lazima uvunje, na kuvunja ni ghali mara nyingi kuliko kuacha.

Wasomaji watasema: si kuna halmashauri? Naam, Kwamndolwa ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe, mji ambao sensa ya mwaka 2012 iliukuta na watu 68,308, na wanaojenga hukimbilia pembezoni ambako kiwanja ni rahisi. Lakini tazama mkoba wa halmashauri za nchi hii ulivyopitia mikono. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa kabisa, na miji ikaharibika kwa taka na mifereji iliyoziba, hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa kichwa ikafutwa mwaka 2003. Kodi ya majengo, ambayo ndiyo hasa ingekua pamoja na nyumba, mwaka 2016 ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu Agosti 2021 ikawa hukatwa katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kisha 1,500 tangu mwaka 2023. (Mpangaji anunuaye umeme ndiye akatwaye, naye nyumba si yake, lakini hiyo ni khabari nyingine.) Barabara za mitaa nazo zilipewa TARURA mwaka 2017. Basi kibali cha kujenga hutolewa na mmoja, njia huchongwa na mwingine, maji huletwa na wa tatu, na kodi hukusanywa na wa nne. Ukimwendea kila mmoja atakuonyesha mwenzake, na huenda wote wanasema kweli.

Na lau kodi ile yote ingerudi mtaani, ingetosha? Tupige hesabu. Nyumba 1,000 kwa shilingi 18,000 kwa mwaka ni shilingi 18,000,000. Fedha hiyo yafaa kuzibua mifereji na kujaza mashimo kila mwaka. Kuifungua njia mpya, kuweka makalavati na kulaza mabomba haiwezi. Kodi ya mwaka hutunza kilichopo. Cha kwanza hutaka fedha nyingi kwa mara moja.

Zamani fedha hiyo ilitoka kwa mtawala. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mabomba, kwa gharama yake. Sisi hatuna Seyyid Barghash. Tuna mikopo ya serikali, kama ule wa dola milioni 500 kutoka India kwa maji ya miji 28, ambao mikataba yake ya ujenzi ilitiwa saini mwaka 2022, na Korogwe, Handeni, Muheza na Pangani zimo. Twashukuru. Lakini bomba kubwa haliingii katika mwanya wa baiskeli. Mkopo huleta maji hadi mjini. Kuyafikisha mlangoni kwahitaji njia, na njia hiyo tumeiuza.

Kuna mfano mwingine ulio karibu na hali yetu. Mwaka 2002 serikali ilianza Dar es Salaam mradi wa viwanja 20,000. Hazina iliikopesha Wizara ya Ardhi shilingi bilioni 8.9, mashamba yakanunuliwa kwa wenyewe, yakapimwa, barabara zikafunguliwa, kisha viwanja vikauzwa kwa bei iliyobeba gharama zile, na mkopo ukarudi. Huko Bunju, Tuangoma na Buyuni njia zilitangulia nyumba. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Wenye mashamba walilalamikia fidia, wanyonge wengi hawakuimudu bei, na maji na umeme vilichelewa miaka mingi kwa kuwa bei ya kiwanja ilibeba upimaji na barabara za udongo, haikubeba mabomba. Lakini asili ya mradi ule twaiona ni sawa: anayepata faida ardhi inapogeuka kutoka shamba kuwa kiwanja ndiye achangie njia, na achangie kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Tuseme shamba moja la hapa kwetu limetoa viwanja 300, na kila kiwanja kimeongezwa shilingi 500,000 kwa ajili ya njia na bomba. Hizo ni shilingi milioni 150, nazo zipo kabla hajahamia mtu. Mnunuzi ataona ni nyingi. Amwulize jirani yake anayelipia toroli la maji kila siku, na kubebesha matofali kichwani kwa kuwa gari halifiki. Sharti ni moja, nalo ni gumu: fedha hizo ziwe na akaunti yake, na hesabu yake ibandikwe ofisi ya mtaa kila mtu aisome. Tumekwisha kuchangishwa mara nyingi kwa mambo tusiyoyaona.

Ama sisi wauzaji, tusiingoje serikali. Mwaka jana wenye mashamba yaliyosalia upande wa chini yetu walikaa kikao, wakakubaliana kwamba kila auzaye aache mita sita, na kila kiwanja kitoe fedha ya kalavati. Wawili walikataa. Siku ya kupima kamba ilinyoshwa tangu barabara kuu, ikapita shamba la kwanza, la pili na la tatu, ikaja ikagota katika ukuta wa chuo chetu, uliojengwa na sisi wenyewe mita mbili ndani ya njia. Mafundi wamekwisha kuitwa. Hadi ukuta utakapoondolewa, watoto watasomea barazani kwa jirani.