Unga wa alumini: sungura hawakutuonyesha yote

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kule dispansere watu wanatuuliza: hakuna dawa ya kuvuta mbele ya kushuka chini, ili vumbi ya mawe isiharibu mapafu? Dawa ya namna ile ilikwisha kujaribiwa. Wachimbaji wenzetu wa Ontario, kule Kanada, waliivuta kwa miaka 36.

Mwaka wa 1937, wenye elimu wa kule walieleza majaribio yao juu ya sungura. Sungura waliovuta vumbi ya jiwe la kwarzi peke yake walipata silikozi: mapafu yakafanya makovu na kuwa magumu. Wale waliovuta vumbi ileile iliyochanganywa na unga kidogo wa alumini, mapafu yao hayakuharibika vile.

Basi, tangu 1943 wachimbaji wa zahabu, na kisha wale wa uraniamu, waliuvuta mbele ya kuanza kazi. Walikaa katika chumba cha kubadilishia nguo, milango imefungwa, unga mweusi ukapulizwa, wakavuta dakika kama 10.

Angalia vizuri hapa. Jaribio lile liliuliza habari ya mapafu tu. Na ubongo?

Mwaka wa 1965, Igor Klatzo na wenzake walitia alumini katika ubongo wa sungura. Sungura wakapatwa na kifafa, na kwa darubini chembe za ubongo zikaonekana zimejaa nyuzi zilizosokotana. Ni kweli, hakuna mutu anayetiwa alumini katika kichwa. Jaribio hili peke yake halimalizi maneno. Lakini mwaka wa 1976, munganga Alfrey wa Marekani alieleza kwamba wagonjwa wa mafigo, waliosafishwa damu kwa mashini na kufa wakiwa wamepotewa na akili, walikuwa na alumini nyingi katika ubongo.

Mafigo ndiyo mulango wa kutokea. Yakiwa mazima, yanatoa alumini kwa mukojo. Yakiharibika, inajikusanya katika mifupa, maini na ubongo. (Mama, usitupe sufuria: alumini ya chakula inaingia kidogo sana katika damu. Usilaze tu ndani yake nyanya ao ndimu, uchachu unakula sufuria.)

Unga ule ulikomeshwa mwaka wa 1979. Mwaka wa 1990 watafiti walieleza kwamba wachimbaji waliouvuta walishindwa katika vipimo vya akili kuliko wenzao. Na mwaka wa 2022, Ontario ilikubali kwamba Parkinson, ugonjwa ule wa kutetemeka mikono, ni ugonjwa wa kazi kwa waliouvuta.

Vumbi inazuiwa mbele ya kufika puani: maji katika mashini ya kutoboa mawe, hewa safi inayosukumwa mpaka mwisho wa tuneli, maski inayokaza usoni. Maji yakikatika, simamisha mashini na kuita kapita. Na ukiwa na kikohozi kisichoisha, fika kwetu upigwe picha ya kifua.