Watenda Kazi Walio Matopeni

Ndugu zetu, mtu atakaye maji safi huyaacha yatulie mtungini, akayamimina yaliyo juu, na yale matope ya chini akayatupa. Kwa maji ya kunywa ni vyema. Lakini leo twataka kusimulia habari za watu waliopata faida kubwa kwa sababu matope hawakuyatupa.

Mwaka 1912 Bwana Gilbert Fowler wa Manchester, Uingereza, alizuru Marekani, akaona huko Lawrence, Massachusetts, majaribio ya kupuliza hewa katika maji machafu ya mji. Aliporudi, kazi hiyo ilifuatwa na Bwana Edward Ardern na Bwana William Lockett, mahali paitwapo Davyhulme. Walitia maji machafu chupani, wakazifunika chupa kwa karatasi ili mwanga usiingie, wakapuliza hewa. Maji yakasafika, ila baada ya majuma matano hivi. Na ni mji gani uwezao kungoja majuma matano, hali watu huoga na kufua kila siku?

Ndipo walipofanya jambo dogo. Waliyamimina maji yaliyosafika, wakayaacha matope palepale, wakatia maji machafu mengine juu yake. Wakarudia hivyo tena na tena, na muda ukazidi kupungua, hata kazi ya majuma ikamalizika kwa muda wa saa 24. Habari hizi walizitangaza mwaka 1914.

Basi matope yale yana nini? Tukitazama tone moja kwa hadubini, twaona vibonge vya bakteria walioshikamana, na kando yake viumbe vidogo vyenye umbo la kengele, vimesimama juu ya vikonyo, vikiwala bakteria waeleao. Ni kijiji kizima, na kila ukoo una kazi yake. Wengine hula mabaki ya vyakula na kinyesi. Wengine huigeuza amonia, iuayo samaki, kuwa nitriti, na jirani zao huipokea nitriti na kuifanya nitrati. Hao wa amonia huzaana polepole. Matope yakiondolewa upesi mno, ukoo wao huisha, na amonia hutoka mpaka mtoni. Tena wako walio kama nyuzi. Wakiwa wachache huvishika vibonge pamoja. Wakizidi, matope hayazami, hufuatana na maji hata nje. Kwa hiyo msimamizi asiyetazama hadubini twamwona kama mchungaji asiyewajua mbuzi wake.

Kupuliza hewa nako hutumia umeme mwingi. Mwaka 1977 Bwana Engelbert Broda wa Vienna alikisia, kwa hesabu tu, ya kuwa yamkini wako bakteria wawezao kuunganisha amonia na nitriti pasipo oksijeni, wakatoa naitrojeni irudiyo hewani. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Delft, Uholanzi, waliwapata kweli, tena ndani ya chombo cha kusafishia maji machafu. Wakitumiwa hao, hewa ya kupuliza hupungua sana. Chombo kikubwa cha kwanza cha kuwatumia kilianzishwa Rotterdam mwaka 2002. Lakini hao huzaana polepole kupita wote tuliowataja, na ilipita miaka mitatu na nusu ndipo wakatosha kuifanya kazi yote waliyokusudiwa.