Mwangaza katika filamu za kutisha

Mwangaza katika filamu za kutisha ni matumizi ya taa, vivuli na giza ili kumtia mtazamaji hofu. Kazi hiyo husimamiwa na mpiga picha mkuu pamoja na mwongozaji na mafundi wa taa. Filamu za vichekesho kwa kawaida huangazwa sawasawa ili kila kitu kionekane. Filamu ya kutisha huacha sehemu kubwa ya picha gizani, na mtazamaji hubaki akijiuliza kuna nini huko.

Mbinu inayojulikana zaidi ni kuweka taa chini ya uso wa mwigizaji. Jua na taa za dari huangaza kutoka juu, kwa hiyo macho yamezoea kuona kivuli cha pua kikianguka kuelekea mdomoni. Taa ikitoka chini, vivuli vyote hupanda juu, na hata uso unaofahamika huonekana mgeni. Watoto wanaojimulika kidevuni kwa tochi usiku hutumia mbinu hiyohiyo.

Historia

Mbinu nyingi zilianza Ujerumani. Katika Das Cabinet des Dr. Caligari (1920) ya Robert Wiene, baadhi ya vivuli vilichorwa kwa rangi kwenye kuta za jukwaa. F. W. Murnau, katika Nosferatu (1922), alionyesha mnyonya damu akipanda ngazi kwa kivuli chake peke yake, vidole virefu vikielekea mlangoni. Matukio ya usiku ya filamu hiyo yalipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi ya buluu. Katika nakala zisizo na rangi hiyo, mnyonya damu huonekana akitembea juani, jambo linaloharibu hadithi yenyewe.

Karl Freund, aliyekuwa amefanya kazi na Murnau, alihamia Marekani na kupiga picha za Dracula (1931), ambamo miali myembamba ya taa ilielekezwa kwenye macho ya Bela Lugosi.

Cat People (1942) ya Jacques Tourneur ilitengenezwa kwa fedha kidogo. Katika tukio lake mashuhuri, mwanamke yuko peke yake ndani ya bwawa la kuogelea usiku. Husikika mngurumo, na mwanga unaoakisiwa na maji hucheza ukutani. Mnyama mwenyewe haonekani wazi, na huenda angeonekana tukio hilo lisingetisha hivyo.

Katika Halloween (1978), Dean Cundey aliongeza mwanga polepole hadi kinyago cheupe cha muuaji kikajitokeza gizani nyuma ya msichana. Hakuna kilichosogea isipokuwa mwanga.

Rangi na mchana

Suspiria (1977) ya Dario Argento haikutegemea giza tu: vyumba vyake huangazwa kwa rangi kali za nyekundu, buluu na kijani zisizo na chanzo kinachoeleweka. Midsommar (2019) ya Ari Aster ilikwenda mbali zaidi. Matukio yake mengi hutokea mchana mweupe, wakati wa kiangazi nchini Uswidi ambapo usiku ni mfupi sana, na wahusika hawana kona ya kujificha.