Usimlaumu Jirani Kabla Hujachungulia Bomba Lako

Najua wapo watakaokunja pua wakiona makala ya choo katika jarida la Chama cha Kiswahili, mahali pa mashairi na mafumbo. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeona bora niseme. Jambo lenyewe lilitupata nyumbani kwetu hapa Amu, na nusura litukosanishe kabisa na majirani tuliokaa nao ukuta mmoja tangu enzi za babu.

Lilianza baada ya mvua za masika. Maji ya kisima chetu yakawa yananuka. Siku ya kwanza tulidhani ni ndoo. Siku ya tatu Bibi alionja kidogo, akatema. "Mai haya yavunda, si ya kunwa," akasema. Wiki hiyo hiyo mdogo wangu akashikwa na tumbo la kuhara mpaka akapelekwa hospitali. Chooni nako maji yalikuwa yakishuka polepole, yakigugumia kama mtu anayesukutua.

Basi nyumba nzima tukawa na jibu moja: ni shimo la jirani! Shimo lao la choo liko nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka kisima chetu. Maneno yakasemwa, mengine hayafai kuandikwa hapa. Ile sahani ya pilau iliyokuwa ikivuka mlango wa nyuma kila Ijumaa ikakoma, kwenda na kurudi.

Kwa nini Lamu hasa?

Mji wetu wa kale hauna bomba kuu la kukusanya maji taka ya nyumba zote. Nyumba nyingi zina shimo lake zenyewe au tangi la septiki. Maji ya kuogea na ya mvua hupita katika ile mifereji iliyo pembeni mwa vichochoro mpaka baharini. Wakati huo huo wengi bado tunateka maji ya kisima, hata kama ni ya kufulia na kuoshea vyombo tu. Wataalamu wa afya hushauri choo na kisima viachane kwa mita 30 angalau. Sasa nikuulize, msomaji, ni nyumba gani ya Mkomani au Langoni yenye mita 30 za kuachia? Punda wawili wenye mizigo wakikutana kichochoroni, mmoja lazima arudi nyuma.

Tena nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Baba alipomwita fundi wa kwanza, shauri lake lilikuwa fupi: tuvunje sakafu yote ya kiwanda, tufuate bomba kutoka chooni mpaka shimoni. Bibi alikataa katakata. Kuchimba kando ya msingi wa ukuta wa zamani ni kuutafutia ukuta ufa. Na tangu mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, kwa hiyo si vizuri kila mtu kuvunja anavyotaka.

Ndipo Ami, ndugu yake Baba, akamleta fundi mwingine kutoka Mombasa aliyekuwa na kazi kule Shela. Huyu hakuja na sururu. Alikuja na kamera.

Kamera yenyewe ikoje?

Nilipomsalimu shikamoo aliniitikia marahaba, kisha akaniruhusu nikae karibu nimuulize maswali mpaka Mama akaniona nimezidi. Kifaa chake ni waya mrefu uliozungushwa kwenye gurudumu. Waya huo ni mgumu kiasi cha kusukumika lakini hupinda kwenye kona. Mbele yake pana kamera ndogo isiyoingia maji, imezungukwa na taa ndogondogo, maana ndani ya bomba ni kiza kitupu. Picha huonekana kwenye kioo mfano wa televisheni ndogo, na pembeni kuna namba zinazohesabu mita zilizoingia. Siku hizi ziko hata kamera za kuunganisha na simu ya mkononi, lakini nyingi waya wake ni laini na mfupi, hujikunja kabla ya kufika mbali.

Hata hivyo, fundi hakukimbilia kamera. Kwanza alifunua vifuniko vyote vya njia ya maji. "Kifuniko hiki kikiwa kimejaa na cha mbele kikiwa kikavu," alinieleza, "basi kizuizi kiko katikati yao. Hilo huhitaji mtambo, wahitaji macho." Cha kwetu cha kwanza kilijaa nusu. Akamwaga maji ndoo kadhaa kusafisha njia, kwa sababu kamera haioni kitu ndani ya tope. Ndipo akaisukuma taratibu kutoka upande wa choo kuelekea shimoni, na sisi tukakusanyika kwenye kioo kana kwamba ni fainali ya Kombe la Dunia.

Kusoma picha ni elimu, si mchezo. Nilijifunza haya manne:

1. Maji yakionekana yametuama sehemu moja, na mbele yake bomba ni kavu, basi hapo bomba limebonyea. Bomba la inchi 4 hutakiwa lishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Likipoteza mteremko, uchafu hukaa.
2. Nyuzinyuzi mithili ya nywele ni mizizi ya mti. Mizizi hufuata unyevu, huingia kwenye mwanya mdogo wa kiungio, kisha hunenepa humo.
3. Ukingo wa bomba moja ukionekana kama ngazi mbele ya jingine, viungio vimeachana.
4. Utando mweupe au wa manjano uliogandamana ni mafuta ya kupikia. Hapo mwenye makosa ni jiko.

Kwetu mambo yalikuwa shwari mpaka mita ya 5. Halafu kamera ikazama majini. Ikaibuka karibu na mita ya 6, na mbele yetu tukaona mizizi ya mkomamanga wa Bibi ikining'inia, na nyuma ya mizizi viungio viwili vimeachana kabisa. Mchanga ulikuwa umeingia ndani. Kila tulipomwaga maji chooni, sehemu yake ilikuwa ikitokea hapo.

Kichwani mwa kamera ile mlikuwa na kidude kinachotoa mawimbi ya redio. Fundi alitembea juu ya sakafu na kipokezi chake, kikalia kwa nguvu mahali pamoja. Akachora alama kwa chaki. Sote tukanyamaza. Kutoka kwenye chaki mpaka mdomo wa kisima chetu zilikuwa hatua tatu.

Si sisi wa kwanza

Kisa chetu kilinikumbusha habari ya London mwaka 1854. Kipindupindu kiliua watu mamia katika mtaa wa Soho, na daktari mmoja, John Snow, akashuku pampu ya maji ya Broad Street. Wakubwa wa mtaa walikikagua kisima kwa ndani, wasione kasoro. Mwaka 1855 uchunguzi ulirudiwa, safari hii wakachimba kando yake. Wakakuta shimo la maji machafu la nyumba namba 40, chini ya mita moja kutoka kisimani, matofali yake yameoza na uchafu unapenya. Walioangalia upande mmoja tu waliona kila kitu ni kizuri.

Na kamera nayo ina mipaka yake. Huona ndani ya bomba, haioni udongo ulio nje. Haikutuambia kwamba shimo la jirani ni zima. Ilituambia tu kwamba tulikuwa tumemhukumu mwenzetu bila ushahidi, na huku bomba letu wenyewe linavuja. Nyani haoni kundule.

Matengenezo yalichukua siku mbili. Sakafu ilifunuliwa pale penye chaki tu. Viungio vikabadilishwa, chini ya bomba pakashindiliwa vizuri, na mkomamanga, kwa huzuni ya Bibi, ukahamishwa. Kisima kilikaushwa, kikasafishwa na kutiwa klorini, na afisa wa afya akachukua maji kwenda kuyapima kabla hatujaruhusiwa kuyatumia. Harufu haikurudi tena. Mpaka leo maji ya kunywa tunayachemsha, maana kisima kilicho karibu na choo hakiaminiki hata siku kikinyamaza.

Ijumaa iliyofuata Bibi alipika pilau mwenyewe. Akanipa sahani niipeleke, akanifuata nyuma mpaka mlangoni kwa jirani, akaomba radhi kwa mdomo wake. Jirani alimpokea ndani. Kabla hatujaondoka alimwuliza Bibi, kwa sauti ya chini, kama yule fundi bado yuko Shela. Na wao choo chao kilikuwa kikigugumia, ila waliona haya kusema.

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Choo kikianza kushuka polepole, kisima kikibadilika harufu, au sakafu ikiwa na unyevu pasipo sababu, semeni mapema. Funueni vifuniko mtazame. Ikibidi, tafuteni mwenye kamera, hata nyumba mbili tatu zichangie siku moja ya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aibu ya kutaja choo ni ndogo kuliko ya kumpeleka mtoto hospitali.

Kwa leo nakomea hapa. Wasalaamu.