Dari ya Mawimbi Haina Dawa ya Kupulizia

Kila kaskazi ikianza kukausha kuta za Kilifi, swali hurudi kwa maneno yale yale: “Fundi, tupulizie nini hii dari ili plasta yake idondoke?” Anayeuliza kwa kawaida amenunua au amerithi nyumba ya zamani upande wa Bofa. Kibaraza amekipenda, upepo wa bahari ameupenda, lakini akiinua macho anakutana na mawimbi ya mwiko, vipele vya simiti na miduara inayofuatana kutoka ukuta hadi ukuta. Mtindo huo umepitwa na wakati. Vumbi na utando wa buibui hushika kila kipele, na mwenye nyumba anataka dari laini, nyeupe, isiyo na alama. Ni haki yake. Kosa lake ni kuamini kwamba kazi hiyo inafanyika kwa chupa ya kupulizia.

Hakuna cha kupulizia. Si maji, si siki, si sabuni ya vyombo, wala ile asidi ya kusafishia vigae vya choo.

Imani hii imeletwa na video. Mtu anaonekana chumbani akirusha maji kwenye dari, anasubiri kidogo, kisha anapitisha skrepa pana na ule ukoko wote unashuka ukiwa umelainika. Video hizo ni za kweli, ila nyumba inayoonekana humo iko Marekani au Kanada. Dari zake ni mbao za jipsamu zilizopigiliwa misumari chini ya boriti, na ule ukoko ni mchanganyiko wa chaki, gundi na chembe nyepesi uliorushwa kwa mashine kuanzia miaka ya 1950. Gundi yake huyeyuka majini, ndiyo maana maji yanaiweza.

Dari ya nyumba ya zamani ya Bofa ni jambo jingine kabisa. Kuta ni za mawe ya matumbawe, juu yake imemwagwa slabu ya zege lenye nondo, na chini ya slabu fundi amepiga plasta ya simiti na mchanga, akaichora kwa mwiko au brashi kabla haijakauka. Simiti haigandi kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. John Smeaton, mhandisi aliyekamilisha mnara wa taa wa Eddystone huko Uingereza mwaka 1759, alihangaika kutafuta chokaa inayoganda hata ikipigwa na mawimbi, na simiti ya leo imetokana na juhudi za namna hiyo. Kiwanda cha Bamburi kimekuwa kikiitengeneza hapa hapa Pwani tangu mwaka 1954. Vipi basi mtu ategemee kukilainisha kwa maji kitu kilichobuniwa kishinde maji? Simiti ikiloweshwa inazidi kukomaa.

Madhara nayo yapo. Maji yanayorushwa hupenya kwenye vitundu vya plasta na kuamsha chumvi iliyolala humo, iliyoletwa na upepo wa bahari au na mchanga wa ufukweni ambao fundi wa zamani aliutumia badala ya ule wa Mto Sabaki. Yanapokauka, hutokea kile kinachotokea kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni: maji hupaa, chumvi hubaki. Tofauti ni kwamba hapa chumvi huganda ndani ya ngozi ya plasta, hukua, na kuisukuma rangi mpaka ibanduke vipande vipande. Mwenye nyumba akiona hivyo hufurahi kwamba dawa imeanza kufanya kazi. Kilichobanduka ni rangi tu. Mawimbi ya simiti yako pale pale, na sasa yamefunikwa unga mweupe utakaoikataa rangi mpya.

Maji yakishindwa, ushauri wa mtaani hupanda ngazi na kufika kwenye siki. Hapa hesabu ya kidato cha nne inatosha. Siki ya dukani ina asidi ya asetiki karibu asilimia 5, yaani gramu 50 katika lita moja. Kiasi hicho, hata kikifanya kazi bila kupotea tone, huyeyusha takriban gramu 40 tu za chokaa. Sasa chukua chumba cha mita 4 kwa 4 chenye plasta ya unene wa milimita 10. Plasta hiyo ina uzito wa karibu kilo 300. Tuseme simiti ndani yake ni kilo 60, nyingine ni mchanga ambao siki haiugusi. Ili kuiyeyusha simiti hiyo zitahitajika zaidi ya lita 1,000 za siki, zirushwe juu ya kichwa cha mtu na zikae huko bila kudondoka. Anayeuza ushauri huu hajawahi kupiga hesabu yake.

Na pale siki inapofanikiwa kula kidogo, huacha chumvi nyingine. Wakusanyaji wa kombe na simbi wa Ulaya waliyaona hayo zamani: makombe yaliyohifadhiwa kwenye droo za mbao yaliota unga mweupe na kuliwa taratibu. Loftus Byne aliandika habari zake mwaka 1899 akidhani ni vijidudu. Baadaye ikajulikana kuwa ni mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao, wa jamii ile ile ya siki, ukigeuza kombe kuwa chumvi. Nyumba ya mawe ya matumbawe imejengwa kwa kitu kile kile kinachojenga kombe.

Ngazi ya tatu ndiyo inayopaswa kukomeshwa: asidi hidrokloriki, ile kali ya kung’arishia vigae. Ni kweli hii inakula simiti, na povu lake humridhisha anayetazama. Lakini inapokutana na chokaa hutengeneza kalsiamu kloridi, chumvi inayonyonya unyevu wa hewa na kukaa mbichi. Kuna wakati wajenzi waliitia chumvi hiyo kwenye zege makusudi ili ligande haraka. Nondo zikaoza ndani, na mwaka 1977 kanuni za ujenzi za Uingereza zikaacha kuiruhusu kwenye zege lenye chuma. Nondo ndani ya zege zuri hulindwa na ukali wa simiti, unaozijengea utando mwembamba wa kinga. Kloridi hutoboa utando huo. Kutu inapoanza huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa, na zege halina pa kupanukia, kwa hiyo linapasuka.

Bofa inatazama bahari wazi. Kusi inapovuma, hewa yenyewe hubeba kloridi mpaka sebuleni. Kuongeza kloridi kwa ndoo, juu ya slabu inayobeba watu, kwa sababu ya urembo wa dari, ni jambo ambalo fundi yeyote anayejiheshimu anapaswa kulikataa hata kama malipo ni mazuri. Tena asidi hiyo inarushwa juu na kurudi usoni kwa aliyeirusha, na mvuke wake ndani ya chumba huchoma mapafu, kisha hula bawaba, feni na nyaya za stima.

Anayetilia shaka kwamba chuma ndicho kiini cha tatizo aende kwenye magofu ya Mnarani, ng’ambo ya pili ya Kijito cha Kilifi, au Gedi, mji wa kale ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa Unesco mwaka 2024. Plasta ya chokaa bado imeshika sehemu za kuta zilizopitiwa na masika kwa karne kadhaa bila paa, karibu na bahari hii hii. Kuta hizo hazina nondo ndani yake za kuvimba na kuzipasua.

Kabla ya mtu kugusa dari, kuna onyo moja lisilo na mjadala. Baadhi ya rangi na plasta za mapambo zilizotengenezwa Ulaya na Marekani hadi miaka ya 1980 zilitiwa nyuzi za asbestosi, na mabamba ya asbestosi yaliyochanganywa na simiti yaliezekea na kuziba dari za nyumba nyingi Kenya. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka zinaihesabu asbestosi kuwa taka hatari. Ikiwa dari ni ya mabamba ya kijivu, magumu, yenye viunganishi vilivyofunikwa kwa ufito, au ukoko wake ni wa zamani na haujulikani ulitoka wapi, usikwangue, usitoboe, usivunje. Sampuli ipelekwe maabara, na kazi ifanywe na wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Vumbi lake huonyesha madhara baada ya miaka mingi, na saratani yake haina tiba ya uhakika.

Sasa kazi yenyewe.

Gonga kwanza. Mpini wa bisibisi unatosha. Anzia pembe moja na usogee shubiri kwa shubiri. Paliposhikana hutoa mlio mfupi, mkavu. Palipoachia huitika kwa utupu, na vumbi jembamba hushuka kwenye ukingo wa ufa. Pazungushie chaki. Ukiona ufa ulionyooka wenye rangi ya kutu, hapo chini inapita nondo iliyokwisha kuvimba: simamisha kazi ya urembo, mwite mhandisi. Kisha tafuta maji yanatoka wapi. Bafu la juu na paa bapa ndio washukiwa wa kwanza, na vitengenezwe kabla ya mwiko kunyanyuliwa.

Kama plasta imeshika na haina chumvi, njia nafuu ni kuifunika. Ondoa rangi inayobanduka, kwangua vile vipele vilivyochongoka, paka kishikizo, kisha piga koti la simiti na mchanga laini lijaze mabonde, na juu yake skimu koti mbili za milimita 2 hivi. Usitumie jipsamu chini ya bafu. Subiri siku 28 simiti ipoe ukali, paka undakoti inayostahimili magadi, malizia na rangi ya maji isiyong’aa. Rangi ya mafuta isiguse dari ya Pwani, maana hufungia unyevu ndani.

Kama zaidi ya theluthi ya dari inaitika kwa utupu, iteremshe yote kwa tindo na nyundo hadi kwenye zege. Vaa miwani na barakoa ya N95, kwa kuwa vumbi la mchanga na simiti huharibu mapafu, na nyunyiza maji kidogo kulaza vumbi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya maji hapa. Plasta mpya iwe ya mchanga wa mto uliooshwa, kipimo kimoja cha simiti kwa vinne au vitano vya mchanga, isizidi milimita 12 kwa koti. Mwenye nyumba ajue pia kwamba mafundi wengi wa zamani walichora mawimbi ili kuficha alama za mbao za fomu. Yakiondoka, kasoro za slabu zitaonekana, hasa chini ya taa za pembeni, na kuzisawazisha ni gharama ya ziada.

Jipsamu ya kuning’inia inafaa pale tu slabu imekaguliwa ikaonekana nzima. Tumia mbao za kustahimili unyevu, fremu ya chuma iliyopakwa zinki vizuri, na uache kidirisha cha kuchungulia katika kila chumba, la sivyo nondo zitaoza juu yake bila mtu kujua. Asiyetaka gharama zote hizo aipige brashi dari yake, aipake rangi nyeupe isiyong’aa na kuiacha na mawimbi yake. Plasta iliyoshika haidai kuondolewa. Kazi yoyote itakayochaguliwa ipangwe kati ya Januari na Machi, na mkataba utaje kwamba fundi hataingiza asidi ndani ya nyumba.