Nani Aliyenusurika? Riwaya ya Msituni Machoni pa Msomaji wa Kanja

Utangulizi

Mwanafunzi aliyekulia Kanja, eneo la Runyenjes katika Kaunti ya Embu, hahitaji kufafanuliwa maana ya msitu. Akipanda kutoka mashamba ya kahawa hadi ya majani chai, na kutoka hapo akaendelea kupanda, atafika ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya. Hata hivyo, riwaya ya kunusurika anayokutana nayo kwanza aghalabu huwa na kisiwa, bahari na Mzungu mmoja. Makala haya yanafafanua riwaya ya aina hiyo, kisha yanaonyesha jinsi swali lake kuu linavyobadilika pindi mandhari yake yanapohama kutoka kisiwani na kuingia katika msitu ambao msomaji anaufahamu.

Dhana ya Riwaya ya Kunusurika

Riwaya ya kunusurika ni ile ambayo mhusika mkuu hutengwa na jamii yake, akawekwa mahali ambapo chakula, moto na malazi havipatikani ila kwa jitihada. Mkondo wa matukio hujengwa juu ya swali moja: je, ataishi? Fasihi ya Kiarabu ilikuwa na kisa cha namna hii tangu karne ya 12, pale Ibn Tufayl alipomsawiri Hayy ibn Yaqzan, mtoto aliyelelewa na paa kisiwani. Hata hivyo, kielelezo kinachotajwa zaidi ni Robinson Crusoe, riwaya ya Daniel Defoe iliyochapishwa London mwaka 1719. Crusoe anakaa kisiwani miaka 28. Anajenga, analima, anafuga mbuzi na kuhesabu siku zake.

Msomaji wa haraka humsifu Crusoe kwa kujitegemea. Anayesoma kwa makini huona mambo mengine. Kwanza, Crusoe anaanza maisha yake mapya kwa shoka, bunduki, baruti na vyakula alivyovitoa katika merikebu iliyovunjika, na vyote hivyo ni jasho la watu wengine. Pili, merikebu hiyo ilikuwa ikielekea pwani ya Guinea kutafuta watumwa. Tatu, kijana Xury, aliyetoroka pamoja naye kutoka utumwani huko Salé, aliuzwa na Crusoe mwenyewe kwa nahodha Mreno. Naye mtu anayemwokoa baadaye kisiwani anampa jina la siku ya Ijumaa, na kumfunza amwite bwana. Kwa hiyo, hata katika riwaya inayodhaniwa kuwa ya mtu aliyejiokoa peke yake, kuna watu walioulipia uhai wake. Ni simulizi tu iliyowaweka pembeni.

Kutoka Kisiwani hadi Msituni

Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, upande wa pili wa mlima uleule, alichapisha Carcase for Hounds mwaka 1974. Mhusika wake mkuu, Jenerali Haraka, ni mpiganaji wa Mau Mau aliyewahi kuwa chifu. Anayemwinda ni Kapteni Kingsley, Mwingereza waliyefahamiana tangu awali. Haraka anajeruhiwa vibaya na kulazwa pangoni. Kutoka hapo uhai wake hauko mikononi mwake tena. Uko mikononi mwa Kimamo, msaidizi wake, anayekataa kumwacha hata pale ambapo kumwacha kungemfaa yeye mwenyewe. Hapa ndipo riwaya hii inapotengana na ile ya Defoe. Crusoe anahesabu mali aliyookoa, ilhali Kimamo anapima uzito wa ahadi aliyoitoa kwa mwenzake.

Anwani ya riwaya hii pia inastahili kutazamwa. Mwangi aliiazima kutoka maneno ya Brutus katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Juliasi Kaizari. Inahusu mzoga wa kutupiwa mbwa. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1969, P. M. Kareithi alikuwa amechapisha riwaya ya Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau iitwayo Kaburi Bila Msalaba. Riwaya mbili za vita vilevile, katika lugha mbili tofauti, zimebeba anwani za maiti: moja mzoga, nyingine kaburi lisilo na alama. Watunzi hawa wanamdokezea msomaji kwamba kunusurika si kubaki na pumzi tu. Aliyekufa akazikwa na kutajwa jina amenusurika kwa namna fulani, na aliyeishi akasahauliwa amepotea.

Historia inathibitisha uzito wa anwani hizo. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa katika gereza la Kamiti bila alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, alidai mabaki hayo kwa miongo mingi, akafariki Mei 2023 kabla hayajapatikana.

Waliowanusuru Wengine

Mpiganaji aliwezaje kuishi katika baridi ya Mlima Kenya? Asali, nyama ya mwituni na mboga za porini zilisaidia, lakini hazikutosha. Chakula kilitoka vijijini, na serikali ya kikoloni ililijua hilo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, msitu wa Mlima Kenya ulipigwa marufuku, na aliyekutwa humo aliweza kupigwa risasi. Wanavijiji, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao, walilazimishwa kuchimba handaki la takriban kilomita 80 kando ya msitu, likachomekwa vigingi vyenye ncha kali. Kuanzia mwaka 1954, zaidi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru 1,000,000 walihamishwa kutoka maboma yao na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa na mahomgadi. Shabaha ilikuwa kumtenganisha mpiganaji na mkono uliomlisha.

Mkono huo mara nyingi ulikuwa wa mwanamke. Muthoni wa Kirima wa Nyeri, aliyefariki mwaka 2023, alianza kwa kuwapelekea wapiganaji habari na mahitaji, kisha akaingia msituni mwenyewe, akapanda hadi cheo cha jemadari mkuu na kubaki huko hadi 1963. Jina lake limehifadhiwa. Majina ya wanawake waliopitisha viazi na ugali usiku kuvuka handaki walilolichimba wenyewe mchana, mengi hayamo katika kitabu chochote. Hali kadhalika, katika koo nyingi za eneo hili, ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa homgadi. Wote wawili walikuwa wakitafuta kunusurika, na kimya kilichofuata baina ya nyumba zao ni sehemu ya hadithi hiyo.

Hitimisho

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanafunzi wa Kanja anapofunga riwaya ya kunusurika, asiridhike na kuuliza mhusika aliishi vipi. Aulize pia ni nani aliyemlisha, ni nani aliyemficha na ni nani aliyelipa. Swali hilo laweza kuulizwa vitabuni, na laweza kuulizwa nyumbani vilevile. Aliyekuwa na miaka 15 wakati hali ya hatari ilipotangazwa alizaliwa mwaka 1937; wenye umri huo wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Wengi wao husimulia kwa Kiembu na Kimeru, wala hawajawahi kuombwa wasimulie. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesikia lugha hizo na anayemudu kuandika kwa lugha ya taifa amesimama mahali ambapo mtafiti kutoka mbali hawezi kusimama. Akikawia, atakayebaki wa kuulizwa ni handaki, nalo halisemi.